Nani Zaidi, Kapinga au Mkunga?

Siku hiyo ufukweni walikuwapo Mwenyekiti Haule, Bwana Kapinga tajiri wa ng'ombe, Sekunda mkunga, na Tekla msusi, mgongoni kambeba mtoto aliyezaliwa mikononi mwa Sekunda mwezi uliopita.

Kijiji kilikuwa na mtumbwi mmoja mpya, na Kapinga aliutaka.

"Apewe bingwa wa kuogelea," alisema. "Mimi nilivuka ghuba hii kabla chai haijachemka."

"Sekunda naye alivuka," alisema Mwenyekiti, "na mkoba wa uzazi kichwani, usilowe hata kidogo. Tekla, amua wewe. Nani zaidi?"

Tekla alikumbuka jinsi Sekunda alivyofika kwake ng'ambo anatetemeka kwa baridi ya maji, akapasha mikono motoni kwanza ndipo akamgusa. Lakini tabasamu alimpa Kapinga.

"Bwana mkubwa, unaweza kuvuka tena leo?"

"Leo, kesho, hata na gunia la mahindi kichwani!"

"Na dada Sekunda?"

"Huyo? Alikunywa nusu ya ziwa! Akirudia, atazama."

"Una hakika, bwana?"

"Naapa kwa ng'ombe wangu wote!"

"Basi umeshinda," alisema Tekla.

Kapinga alirukaruka kwa furaha. Sekunda aliinamisha kichwa.

"Mwenyekiti, kiapo umekisikia," Tekla aliendelea. "Kwa bwana huyu maji ni barabara, mtumbwi wa nini? Mpe huyu atakayezama."

Mwenyekiti alicheka mpaka akakaa mchangani, kisha akamkabidhi Sekunda kasia.

Mwaka ule walizaliwa watoto saba ng'ambo ya ghuba, na kwa wote Sekunda alifika akiwa mkavu.