Mtoto wa Siwema na Majina Matatu

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Palikuwa na binamu watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Riziki alijaliwa mdomo: akianza mzaha, hata mwenye msiba hujikuta akijibu. Shukuru alijaliwa jicho: kwenye kundi la simu la ukoo alisoma kila neno, akaandika mara moja kwa wiki. Tumaini, fundi wa majokofu mjini Tanga, alijaliwa mikono, na maneno hakuyataka kabisa. Wa nne ni Siwema, mwalimu wa Kiingereza huko Muheza, na mzigo wa hadithi hii ni wake.

Siwema alikuwa na mimba ya miezi minane. Presha ilimpanda, daktari akamwamuru apumzike kitandani. Mumewe, Mbaraka, alikuwa Songea kikazi. Mchana kutwa Siwema alilala akihesabu misumari ya dari, akiogopa, na hakumwambia mtu.

Hapo Riziki akaingia kundini.

"Mwalimu, hilo tumbo kwa Kiingereza ni 'he' au 'she'?"

"Sijui, na sitaki kujua mapema. Kwa hiyo ni 'they'."

"They! Mbaraka, umesikia huko Songea? Nunua nguo jozi mbili, mkeo ana mapacha!"

"Wewe! Waingereza wenyewe humwita hivyo mtu mmoja, wasipojua ni mwanamume au mwanamke."

"Basi pole zao. Sisi tuna 'yeye', tumemaliza, tunakwenda kula."

Shukuru akatoa neno lake la wiki: "Mbona tunasema 'bibi wamelala', na bibi ni mmoja?"

"Haya tena! Mtoto hajazaliwa, keshapewa heshima ya bibi!"

Siwema alicheka mpaka akashika tumbo. Kundi likagawanyika, likaweka sharti: kila siku kabla ya adhuhuri Siwema na Riziki walete hoja mpya; atakayekaa kimya ameshindwa, atawapikia ukoo mzima mhogo wa nazi. Wiki tatu Siwema hakukosa. Aliamka akitafuta hoja, na hofu ikakosa pa kukaa. Tumaini peke yake hakuchangia. "Kiingereza changu kiliishia darasa la saba," aliandika. "Mhogo ukiiva niiteni."

Alhamisi moja adhuhuri ilipita, Siwema kimya. Kundi likashangilia. Riziki akatuma ngoma na vigelegele: "Mwalimu kasalimu amri! Nani ana nazi?" Wakati huo Siwema alikuwa sakafuni jikoni. Kichwa kilimgonga, macho yakaingia giza, akaanguka. Simu ilibaki kitandani.

Shukuru, akiwa Dodoma, hakucheka. Siwema aliyemjua yeye asingeshindwa kimyakimya. Angeshindwa kwa kelele. Alimpigia mara tatu, haikupokelewa. Akampigia Tumaini.

"Nenda kwa Siwema."

"Kuna nini?"

"Sijui. Nenda tu."

Tumaini hakuuliza la pili. Aliacha jokofu la mteja likiwa limefumuliwa, akapanda pikipiki. Mlango wa Siwema ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akazifungua bawaba moja moja kwa bisibisi, akambeba binamu yake, akasimamisha gari la kwanza lililopita. Hospitalini alifanyiwa upasuaji. "Mngechelewa nusu saa..." alisema daktari, asimalize. Mtoto alikuwa wa kike, na kilio chake kilijaza ukumbi. Mwingine, daktari akaonya, Siwema asijaribu tena.

Sasa, ukoo ule una desturi. Mtoto hupewa jina la ndugu aliye hai, na ndugu huyo huwa somo wake: humfunza, humtetea, humsimamia mpaka siku ya harusi. Somo ni mmoja tu. Jina likishatamkwa halirudi.

Kundini maneno yakaanza.

"Nani alimzoesha kujibu kila siku?" aliandika Riziki. "Bila mimi, kimya chake kingekuwa kimya tu."

"Na nani alimpigia ngoma akiwa sakafuni?" akajibu Shukuru.

Akajaribu kulifuta neno lake, akakuta limeshasomwa.

"Nisamehe, binamu," akasema Shukuru.

"La, umesema kweli. Sijalala tangu siku ile."

"Wote hao wangeandika hadi kesho," akadakia Shangazi Mwanamisi. "Mlango hufunguka kwa maneno?"

Tumaini akaandika: "Mlango naja kuurudishia Jumamosi."

Siwema aliyasoma yote, mtoto kifuani. Zile ngoma hazikumkasirisha. Angeshinda yeye, angepiga kubwa zaidi. Aliwapenda wote watatu, na hicho ndicho kilichomuuma.

Siku ya saba mtoto alinyolewa. Binamu watatu walikaa mkeka mmoja, kila mmoja akitazama pengine. Mama mkwe akainama.

"Haya mwanangu, aitwe nani?"

Siwema akawatazama mmoja mmoja, akavuta pumzi.

Mimi nitamwacha hapo, maana jina hilo sithubutu kumtajia. Lakini wewe unayesikiliza, ungekuwa ndiye uliyempakata mtoto yule, na macho ya wale watatu yakikukwepa, ungemtaja nani?