Chungu cha Mkwaju na Uji wa Sultani

Hapo zamani, babu wa babu zetu wangali wakitambaa, palikuwa na mkerezaji katika mji wa Kitangani, jina lake Famau, na umaskini wake ulitosha yeye na majirani wawili. Mali yake ilikuwa keezo tu, yaani ule mtambo wa upinde na kamba uzungushao gogo huku patasi ikililia pembeni. Mkewe, Bi Tumu, alikuwa mfinyanzi. Basi kila Bi Tumu alipomaliza chungu cha udongo, Famau alikitazama kwa jicho la wizi, akaenda akakereza kingine cha mti, umbo lile lile: tumbo lile, shingo ile, na mdomo ule uliobinuka kidogo.

"Huna haya, mume wangu!" Bi Tumu humwambia. "Hata kiuno cha mtungi waniibia?"

"Nimekuibiaje, na chako ungali nacho?"

Ikawa siku moja Famau amepanga vyombo vyake sokoni, na Sultani Zubeiri akapita pamoja na waziri wake, Mshamu. Sultani huyu alikuwa mfupi, shingo hana, na tumbo lake lilikuwa likifika mahali kwanza, kisha mwenyewe akalifuata. Mbele ya Famau palikaa chungu kikubwa cha mkwaju, kifupi, kinene, kinang'aa kwa mafuta ya nazi. Waziri akakitazama chungu, akamtazama Sultani, akakirudia chungu. Kicheko kikamtoka puani kama chafya.

Sultani akaona, akaelewa, akavimba. "Ewe mkerezaji! Hiki ni nini?"

"Ni chungu, bwana wangu."

"Na chungu kazi yake nini?"

"Kupika, bwana wangu," akajibu Famau mbio mbio, kisha akatamani aumeze ulimi wake. "Ila hiki cha mti ni cha kutilia nafa..."

"Umekwisha sema! Kesho asubuhi uje nacho barazani kwangu. Kitiwe maji baridi na unga wa mtama, kisha chungu chako na moto wa jiko langu vikutane, na uji uchemke humo mbele ya watu wote. Ukichemka, utaomba utakalo. Usipochemka, au chungu kikiungua, keezo lako nitalifanya kuni, nawe utatoka mji huu ukawatafute masultani wembamba."

Famau akapiga magoti. "Bwana wangu, kichwa changu kizito. Yaandikwe hayo, nisije nikakosea."

Karani wa Sultani akaandika neno kwa neno, na muhuri ukapigwa.

Nyumbani, Bi Tumu aliposikia alishika kiuno. "Chungu cha mti motoni! Na hilo keezo likiungua tutakula nini? Kamba yake?"

Famau alikuwa ameketi kando ya shimo la kuchomea vyungu, amekodoa macho. Mara akauliza, "Mke wangu, hivi vijiwe unavyoegemezea vyungu wakati wa kuchoma, havipasuki?"

"Vya mtoni hupasuka, vikaruka kama bisi. Lakini hivi nimevichagua mwenyewe. Vimekula moto miaka kumi, havijaguna. Wavitakia nini? Kujipigia kichwa?"

"Niazime."

"Wizi mwingine huo!" akasema Bi Tumu, lakini akavitia kikapuni kimoja kimoja, akivifuta kwa kanga yake.

Asubuhi baraza ikafurika watu, na mpishi wa Sultani akakoka moto wa kuchoma ng'ombe mzima. Famau akakiweka chungu chake chini, kivulini, hatua kumi kutoka jikoni. Akatia maji baridi, akakoroga unga, kisha akamimina vijiwe vyote katika makaa, akaketi, akapiga miayo.

"Anapika mawe!" mtu mmoja akapiga kelele.

"Mwacheni," akasema mwingine, "labda kwao ndiyo nyama."

Vijiwe vilipokuwa vyekundu kama macho ya mlevi, Famau akatwaa koleo, akakinyanyua kimoja, akakichovya upesi katika kata ya maji kuondoa majivu, akakitumbukiza chunguni. Chwaaa! Mvuke ukapanda. Akatia cha pili. Chwaaa! Cha tatu, cha nne. Akawa akivitoa vilivyopoa na kuvirudisha motoni, akitia vingine, huku mwiko ukizunguka. Kabla watu hawajamaliza kubishana, uji ulikuwa ukitokota, blop, blop, ukiwarukia waliochungulia karibu mno. Na chungu? Kimekaa pale pale, kinang'aa, hakina hata alama ya moshi.

"Hila!" akapiga kelele Waziri Mshamu, aliyetaka kuirudisha heshima yake iliyopotea kwa kile kicheko cha sokoni. "Chungu hakikukaa motoni!"

"Waziri wangu, hebu isomwe karatasi," akasema Famau.

Karani akasoma: "Chungu chako na moto wa jiko langu vikutane."

"Basi," akasema Famau, "vimekutana. Haikuandikwa nani amfuate mwenziwe. Nami nikaona chungu ni mgeni hapa, moto ndio mwenyeji; ni adabu mwenyeji aje kumlaki mgeni."

Watu wakaangua kicheko. Sultani akafumbua kinywa atoe hukumu, na papo hapo harufu ya mtama ikamwingia puani. Hukumu ikasahaulika njiani.

"Nipeni nionje," akasema, "nijue kama umeiva."

Akaonja bakuli la kwanza. Akaonja la pili. Alipoonja la tano, akafuta midomo, akasema, "Umeiva. Keezo ni lako. Omba utakalo."

"Gogo moja la mkwaju kutoka shamba lako, bwana wangu, kila mwaka. Na mke wangu apewe udongo wa bonde lako bure, maana nikikosa wa kumwibia nitakufa njaa."

"Umepewa. Haya, mpishi, leta bakuli la sita."

Mpishi akachungulia chunguni. "Bwana wangu, uji umekwisha. Yamebaki mawe."

Sultani akawatazama watu, akalitazama tumbo lake, akashindwa. Akaingiza koleo, akatoa jiwe lililopakwa uji mzito, akalisogeza mdomoni, ulimi nje, mbele ya raia wake wote.

"Aaa! Aaa! Ulimi wangu!"

Famau akainama kwa heshima zote.

"Puliza kwanza, bwana wangu."

Na Sultani, ulimi ungali nje, akacheka mpaka koleo likamponyoka. Kisha akaliokota pamoja na jiwe lake, akapuliza.