Hati Moja ya Kinamasi cha Chongowe

Waliokuwapo kwenye mlango wa maji asubuhi ile ni hawa: Bi. Mwanamtama binti Kombo, mkulima wa mpunga, ambaye ulimi wake haukukosea maji. Mbwana Shali bin Heri, mkata boriti, ambaye shoka lake halikurudia pigo. Na Saburi Makame, mvuna chumvi, mwenye mgongo wa punda. Nami nilikuwapo, karani wa kijiji, lakini sikufanya la kutajwa.

Zama za babu zetu Chongowe ilikuwa kinamasi cha mikoko mitupu. Baba zetu wakaifyeka nusu, wakalima mpunga. Sisi tukachimba majaluba ya chumvi upande wa bahari. Kati ya chumvi na mpunga palikuwa na tuta lenye mlango mmoja wa mbao, wa kuzuia maji ya bahari.

Siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, Saburi aliingiza maji ya bahari majalubani, kama ilivyo desturi. Mlango hakuukagua.

Bi. Mwanamtama huonja maji ya mfereji kila alfajiri. Alionja, akatema, akapiga yowe. Mpunga ulikuwa umechanua. Saa moja ya maji ya chumvi, na kijiji kizima kingelala njaa.

"Saburi! Chumvi yako inaoa mpunga wangu bila mahari!"

"Nitukane baadaye, shangazi."

Saburi akajitosa. Mbao mbili zilikuwa zimeng'oka. Akaziegemeza mahali pake kwa mgongo, maji yakimfika kidevuni.

Mbwana Shali akaingia mikokoni, ambako ukataji ulikuwa umepigwa marufuku. Akakata boriti tisa, akazikongomea matopeni mbele ya mlango.

"Harakisha, Mbwana!"

"Ukizungumza unakunywa. Nyamaza!"

Boriti ya tisa ilipokita, Saburi alivutwa juu. Hakuweza kusimama.

Siku ya tatu akaja Bwana Hiza, afisa wa ardhi. Alisema kinamasi kitapewa mwangalizi mmoja kwa miaka thelathini na mitatu, atakayeamua kitumike vipi. "Nitajieni aliyekiokoa."

"Nisingeonja, nani angejua?" akasema Bi. Mwanamtama. "Nipeni, nilime mpaka ufukweni."

"Ulijua, ukapiga kelele," akajibu Mbwana Shali. "Kelele hazizibi tundu. Nipeni mimi, nirudishe mikoko, bahari ipate kizuizi."

"Wewe? Uliyeikata juzi?"

Saburi aliletwa juu ya kitanda cha kamba. "Mngekongomea wapi, kama mbao zingekwenda na maji? Niachieni majaluba yangu."

"Mlango usioukagua ni wako!" wakamwambia wote wawili.

Kura zikapigwa. Zikagawanyika sawa kwa wote watatu, tukarudia mara tatu. Bwana Hiza akatuachia karatasi, mahali pa jina pakiwa wazi, akasema atarudi Ijumaa.

Nanyi mnaonisikiliza, mngeandika jina la nani?

Kabla hamjajibu, jueni hili: Saburi Makame alifariki Jumatano, saa nne asubuhi.