Jina la Mjukuu wa Bi Esha

Hapo zamani, na msinikatize kusema si zamani kwa kuwa televisheni zilikuwepo, aliishi Lindi mwanamke aitwaye Bi Esha. Alikuwa na binti mmoja, Shamila. Shamila akaenda kufunga ndoa ya serikali bomani, bila mjomba kuulizwa, bila mama kupewa mkaja wake. Mkaja, jamani, haki ya mama aliyejifunga tumbo baada ya kumzaa! Bi Esha akamfungia mlango. Shamila akaja kubisha, hakufunguliwa. Akaja na mimba, hakufunguliwa. Akarudi kwake nyuma ya soko, akaacha kuja.

Sasa Bi Esha, kama wenzake wote mtaani, alikuwa na ugonjwa wa tamthilia. Kila alasiri walijazana kwa Bi Hidaya, mwenye televisheni, wakila mihogo yake na kuwatukana watu wa kwenye kioo kana kwamba wanasikia.

Siku hiyo binti wa kwenye tamthilia, aliyetoroka na mwanamume, alirudi kwao na tumbo kubwa. Akabisha. Mama yake akashika komeo, akafumbua mdomo aseme, na umeme ukakatika.

"Atamfungulia," alisema Bi Esha. "Mama gani amwache mwanawe mjamzito nje?"

Zulfa, ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia. "Mama huyo ni wewe, Bi Esha. Shamila yuko kwenye mwezi wake wa kujifungua, na komeo umelishika wewe."

Uso ukamwaka Bi Esha. Akavuta kanga yake aondoke. "Basi nageuza. Hafungui, na asifungue."

"Amefungua," alisema Sikudhani kutoka jamvini. "Mpwa wangu alinionesha kwenye simu, huko mtandaoni wameshafika mbele. Amefungua, wamekumbatiana, mama analia."

Bi Esha akasita. "Na binti kasemaje?"

"Kasema, 'Mama, nilikuwa nakungoja wewe tu.'"

Moyo wa Bi Esha ukalegea. Alikuwa na hamu mno na mwanawe, na kiburi tu ndicho kilichokuwa kimemziba mdomo. Akatoka. Lakini kufika kwenye kona ya soko, miguu ikagoma. Aingie na uso gani? Akageuka arudi, akakutana na Bi Hidaya, kamfuata kimya kimya. Hakumhubiria. Alimshika mkono, akasema, "Twende, dada. Nitabisha mimi, wewe simama tu."

Wakamkuta Shamila ameshikwa na uchungu, peke yake, mume yuko kazini. Kabla ya isha mtoto alilia, wa kike. Bi Esha akavua kanga yake, akamfunga mwanawe mkaja kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya saba watu wakakusanyika. Shamila akasema, "Mama, mpe jina la aliyekuleta kwangu."

Hapo pakachimbika. Maana umeme uliporudi, marudio yalionyeshwa, na mama wa kwenye kioo hakufungua. Alipiga komeo, binti akaenda zake.

"Ulinidanganya," Bi Esha alimwambia Sikudhani.

"Nilikudanganya. Mpwa wangu hana hata simu. Lakini ulinyanyuka kwa neno la nani? La Zulfa lilikuwa likikupeleka kwako ukajifungie. Mtoto ni Sikudhani."

"Uongo wako ungeshika wapi kama nisingetonesha kidonda?" alisema Zulfa. "Nyote mlikuwa mnamchekea usoni na kumsengenya mgongoni. Mimi nilimwambia, nikijua huenda asinisemeshe mpaka tuzikane. Mtoto ni Zulfa."

Bi Hidaya hakutaka kusema, wakamlazimisha. "Maneno yenu yalimfikisha kona ya soko, yakaishia hapo. Nyinyi mlibaki mkila mihogo yangu. Mimi nilitembea."

Bi Esha akamtazama mjukuu mapajani. Hasira ya kudanganywa alikuwa nayo, lakini furaha iliizidi, na wote watatu aliwapenda. Angempa mtoto majina yote, kama si shehe kukohoa. "Jina ni moja, Bi Esha, na ubani unakwisha."

Haya, nyinyi mnaojua kila mama wa kwenye kioo alipokosea, msinitazame mimi. Mtoto yuko mikononi, shehe anangoja: aitwe Zulfa, aitwe Sikudhani, au aitwe Hidaya?