Doa la Lami la Mzee Shebwana

Bi Mishi hajaanika hata zulia moja katika karakana aliyoinunua ili aoshee mazulia, Mzee Shebwana, tajiri aliyemuuzia, akaanza kuitamani tena.

Alimbwagia zulia lake lenye doa la lami kubwa kama sinia.

"Hati sijakupa," alisema. "Litoe doa hili, bure, nikupe. Ukishindwa, karakana yangu naichukua tena."

"Una huruma kweli, mzee wangu," alisema Bi Mishi. "Basi hati mpe imamu aishike. Ijumaa waumini wakitoka kuswali, nitalikunjua mbele yao, washuhudie nikiaibika."

Mzee alifurahi kama anayealikwa harusini.

Ijumaa zulia lilikunjuliwa. Lami ilikuwa imetoka yote, na palipokuwa na doa palionekana maneno yaliyofumwa: *Wakfu wa Msikiti Huu*.

Imamu alisoma mara mbili, akamkabidhi Bi Mishi hati, kisha akamgeukia mzee.

"Mzee Shebwana! Kumbe zulia letu lililopotea ulikuwa unatutunzia?"

Mzee alimvuta Bi Mishi pembeni. "Irudishe ile lami!"

"Kutoa doa nimekufanyia bure, mzee wangu," alisema Bi Mishi. "Kulirudisha kuna malipo."