Kilemba cha Bi Mwantumu

Hapo zamani, na sisemi zamani ya wafalme na majini, nasema zamani ya juzi tu, watu wakiwa wameshaanza kupimwa sukari, alikuwapo mwanamke mmoja pale Kwezinga, kwenye mashamba ya machungwa chini ya milima ya Muheza. Jina lake Bi Mwantumu, kazi yake ushonaji, umri wake miaka sitini na miwili. Sogeeni mnisikilize, maana mwisho nitawauliza, na asiyesikiliza asithubutu kujibu.

Bi Mwantumu alikaa kwenye cherehani miaka arobaini. Miguu yake ilikanyaga asubuhi, ikakanyaga adhuhuri, ikakanyaga mpaka jioni, wala haikumfikisha hata sokoni. Siku moja daktari akampima, akatikisa kichwa. Akamwambia sukari iko juu, presha iko juu, na miguu ile ikizidi kukaa itakuja kukataa kusimama. Akamtaka atafute mazoezi.

Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kwamba dada yake, Bi Tabu, alikuwa anakaa Mgambo, ng'ambo ya mlima, na walikuwa hawajaonana miaka minne. Barabara ya magari ilichukuliwa na maporomoko ya mvua, ikabaki njia nyembamba ya kupita mtu, na dada hao wawili wote magoti yao mabovu. Walikuwa wakisalimiana kwa simu, na kila simu ikikatika Bi Mwantumu alilia kidogo. Alimpenda dada yake kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani. Sasa miguu ikikataa kabisa, ataonana naye lini tena?

Akawaza, miguu yangu kazi inayoijua ni moja, kukanyaga. Akamwambia mwanawe aliyeko mjini, akaletewa baiskeli ya mtumba, ya kike, yenye gia na tairi nene za njia za mashamba.

"Miaka arobaini nimekanyaga chuma kilichosimama," alisema. "Sasa nataka kinachokwenda."

Kupanda alikuwa hajui. Akajitokeza Mzee Shemhilu, rafiki wa marehemu mumewe, ambaye ujana wake wote aliteremsha matenga ya machungwa kwa baiskeli. Kila asubuhi baada ya swala Bi Mwantumu alivaa suruali ndani ya dera, akapanda, na Mzee Shemhilu akashika siti kwa nyuma.

"Shemeji, umenishika?"

"Nimekushika."

"Hutaniachia?"

"Sikuachii."

Basi mmoja akikanyaga, mmoja akikimbia, mpaka kwenye mashine ya kusaga na kurudi. Kesho yake tena: umenishika, nimekushika, hutaniachia, sikuachii. Alimfundisha breki, akamfundisha gia, akamfundisha kutazama mbele na kuliacha gurudumu lijitazame lenyewe. Siku arobaini hakukosa hata moja, na Bi Mwantumu hakuanguka hata mara moja. Lakini katika siku arobaini hizo baiskeli haikwenda hata hatua moja bila mkono wa Mzee Shemhilu. Alikuwa anamhurumia mno.

Siku ya arobaini na moja goti la mzee likavimba. Akaja kushika mkamwana wake Bi Mwantumu, Hidaya, mke wa huyo mwanawe wa mjini, binti mpole waliyekaa naye nyumba moja wakipendana.

"Mkamwana, umenishika?"

"Nimekushika, mama."

"Hutaniachia?"

"Sikuachii, mama."

Hatua ya saba, Hidaya akaachia. Akabaki njiani, mikono nyuma kama mtu aliyeiba. Bi Mwantumu huyo akaenda, tena akipiga soga, akisimulia jinsi nyuzi za siku hizi zinavyokatikakatika. Akapita mashine ya kusaga, akapita msikiti. Akauliza, umenishika? Kimya. Akageuza shingo, akamwona Hidaya kule nyuma mdogo kama kuku. Hapo hapo akaingia kwenye matuta ya viazi, yeye na baiskeli yake.

Kiwiko kilichubuka, lakini kilichomuuma hasa ni kudanganywa na mtoto wa nyumbani mwake. Hidaya akaomba radhi akilia. Siku saba Bi Mwantumu hakula alichopika. Baiskeli akaitia stoo, akaifunika mikeka. Dada yake alipopiga simu kuuliza mazoezi yamefika wapi, alimwambia, "Usiningoje tena. Siji." Kisha akazima simu, na siku hiyo hakulia kidogo, alilia sana.

Sasa yupo mtu nilikuwa nimemweka pembeni, maana akianza kusema hatuachii nafasi. Ni Bi Kibibi, dada wa marehemu mumewe, kwa hiyo wifi, na utani wa mawifi mnaujua. Tangu siku ya kwanza alikaa barazani kwake akiwahesabia duru na kumcheka. Aliapa kwamba wifi yake akifika Mgambo, yeye ataibeba baiskeli ile kichwani azunguke nayo kijiji kizima.

Siku ya nane ya hasira, Bi Kibibi akaja na wanawake sita, kanga wamejitanda gubigubi, mkeka kwapani. Wakautandika mbele ya stoo, wakaketi, wakainamisha vichwa.

"Tumekuja kuhani," alisema Bi Kibibi. "Tumesikia wifi kafiwa na baiskeli."

Wakaangua kilio. Mmoja akauliza marehemu aliugua nini, mwingine akataka kujua arobaini ni lini. Bi Kibibi akaanza kugawa mirathi, keria aipate yeye akalalishie kuku, na kengele apewe mchunga mbuzi. Bi Mwantumu alikuwa amekaa mlangoni, mdomo kaubana, anawatazama tu. Ndipo Bi Kibibi akafuta machozi na kusema la mwisho.

"Na Bi Tabu tumpelekee salamu. Tumwambie mdogo wake alikuwa haji tangu mwanzo."

Bi Mwantumu akainuka. Akaiondoa mikeka, akaitoa baiskeli na mavumbi yake, akapanda mbele ya waombolezaji. Hakumuuliza mtu kama amemshika. Akaizunguka nyumba mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kuku wakimkimbia. Bi Kibibi alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Kama alikuwa anacheka au analia, mpaka leo hajasema.

Jioni ile Bi Mwantumu alimwita Hidaya, akala alichopika, akaomba aongezwe.

Miezi miwili alizoea lami, kisha akazoea njia za mashambani. Sukari ikashuka, daktari akapima mara mbili kwa kutoamini. Jumamosi moja alfajiri akaondoka. Lami inayoishia chini ya mlima aliimaliza bila kushuka. Kwenye mlima alikanyaga alipoweza, alipozidiwa akashuka akasukuma, akapumzika, akapanda tena. Mteremko wa ng'ambo aliushuka breki zikipiga kelele naye akisoma kila dua aliyoijua.

Adhuhuri akamkuta Bi Tabu uani anaanika iliki. Ungo ukaanguka.

"Umeletwa na nani?" aliuliza Bi Tabu.

"Nimejileta."

Wakakumbatiana pale pale, wakalia, wakizikanyaga iliki, na hakuna aliyekumbuka kuzizoa. Walizungumza mpaka sauti zikakauka. Asubuhi ya kuagana Bi Tabu akaishika baiskeli usukani, akasema naye anataka.

"Niletee mwalimu wako. Lakini awe ndiye hasa. Mifupa yangu hii ni ya kuanguka mara moja tu."

Pale Kwezinga, anayehitimu kufunzwa jambo humpa mwalimu wake kilemba, na asipokitoa huhesabiwa bado mwanafunzi. Kilemba ni kimoja, kwa mwalimu mmoja, awe mwanamume au mwanamke. Bi Mwantumu alikidarizi kwa mkono wiki tatu, kitambaa cheupe na hariri ya kijani. Akawaita watu wake, akakiweka katikati.

"Siku arobaini nimekimbia nyuma yako na goti hili," alisema Mzee Shemhilu. "Ungeanguka siku ya kwanza, ya pili usingekuja."

"Kweli, shemeji. Lakini kwa mkono wako ningekuwa nashikwa mpaka leo."

"Mimi nilikudanganya, mama," alisema Hidaya. "Lakini kutoka pale nilipoachia mpaka kwenye viazi, ulikwenda mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa najua kwamba unaweza."

"Kweli, mwanangu. Lakini ni wewe pia uliyefanya nikaitia stoo."

Bi Kibibi akajishika shingo, maana nadhiri yake alikuwa ameitimiza na kijiji kizima kilimfuata na vigelegele.

"Baiskeli hiyo sijaigusa ila siku niliyoibeba kichwani," alisema. "Hawa wawili walikufundisha, ukaacha. Kama si mimi, ingekuwa kichanja cha mikeka."

"Kweli, wifi. Lakini ulimtaja dada yangu kwenye kilio, na iliniuma."

Bi Kibibi akainama. Akasema na yeye lilimuuma neno lile kulitamka.

Wote watatu walikuwa wanampenda, na yeye anawapenda wote watatu. Mkasi ulikuwa mezani, lakini kilemba kikikatwa ni vitambaa tu. Akakifunga kwenye usukani, akakaa nacho siku tatu bila kuamua.

Na kule Mgambo Bi Tabu ameshaufagia uwanja wake na kuokota mawe yote. Anangoja mtu wa kusimama nyuma yake, na jambo la kwanza atakalomuuliza mnalijua.

Haya. Wewe wa nyuma usijibu haraka, nimekuona ulikuwa unasinzia. Je, nani avishwe kilemba apandishwe mlimani kwa Bi Tabu: aliyeshika, aliyeachia, au aliyecheka?