Maembe ya Bwana Thibou

Bandari ya kile kisiwa kidogo cha Karibea ilikuwa na gati moja, winchi moja, na Bwana Thibou, tajiri asiyejua kupanga foleni. Asubuhi hiyo alikuta wakulima wadogo wametangulia na maembe yao. Soko la kisiwa jirani lilikuwa la saa chache tu. Aliyewahi ndiye aliyeuza.

“Pakia yangu kwanza!” alimfokea Ismay, msimamizi wa wapakizi.

Ismay aliinamisha kichwa. “Nakusihi, bwana mkubwa, uwe wa mwisho.”

“Mimi? Nyuma ya hawa wavaa kandambili?”

“Basi hata katikati.”

“Kwanza, nimesema! Ama utafute kazi nyingine.”

“Haya. Jamani, mkubwa ni mkubwa. Mpisheni!”

Thibou alitabasamu masanduku yake yakishuka hadi chini kabisa ya tumbo la meli, wakulima wakimtazama kwa uchungu.

Alasiri alimpigia Ismay simu kutoka ng'ambo. “Maembe ya wakulima yameisha, soko limefungwa, na yangu ndiyo kwanza yanatolewa!”

“Pole, bwana mkubwa. Ya juu sharti yatoke kabla ya yale ya chini. Ndiyo maana nilikusihi uwe wa mwisho.”